Alistidia na Mguu wa Baba Mkwe

Alistidia alikuwa hawezi kukaa. Tangu amzike mumewe Buberwa, miezi saba iliyopita, ukimpa kigoda alikalia nusu tu, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Maharage aliyachambua amesimama. Akija mgeni, alimpokea, akamkalisha, akampa kahawa ya kutafuna, kisha yeye mwenyewe akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Majirani wa Kimwani walisema ni huzuni. Huzuni ilikuwapo, nani abishe, lakini palikuwa na jambo jingine. Alikuwa amegundua kwamba akikaa, watu wanamtazama. Wanaanzia shingoni, wanashuka kwenye mifupa ya bega, wanamalizia kwenye viwiko, halafu wanauliza kwa sauti ya upole, "Unakula lakini, mama?" Mwaka ule wa tisini na moja, hapa kwetu Kagera, swali hilo lilikuwa sawa na kupimwa jeneza. Ugonjwa ulikuwa umeingia kila nyumba. Ulimwondoa Buberwa, ukaacha watoto wawili na mjane wa miaka ishirini na minane ambaye kila mtu alimhesabia siku. Basi Alistidia akaona dawa ni mbio. Mtu anayekimbia nani atampima?

Ndipo mchezo wa kisahani ulipomkuta tayari.

Kisahani kililetwa na Mzungu mmoja wa mradi wa visima. Alichimba visima vitatu, viwili vikatoa maji, akaondoka. Lakini aliacha visahani vinne vya plastiki, vyepesi, vyenye ukingo uliokunjwa chini, na akaacha mchezo wake. Timu ni watu saba, wanaume na wanawake pamoja. Unamrushia mwenzako, yeye akishadaka hatembei, anamrushia mwingine, mpaka mmoja adake ndani ya eneo la mwisho: hilo ni bao, na wa kwanza kufika tisa ameshinda. Kikianguka, wanachukua wale wengine. Mtoto wa darasa la pili anaelewa. Walioshindwa kuelewa ni wazee wa vijiji vitatu, na sababu ni moja: mchezo ule hauna mwamuzi. Hakuna filimbi. Aliyekosa anasema mwenyewe, "Nimekosa." Asiposema, aliye karibu naye anamwambia. Wakibishana, kisahani kinarudi kwa aliyerusha, wanaanza tena, bila ngumi. Sasa niambieni, mpira wa miguu wenye waamuzi watatu na askari sita huisha bila ngumi? Lakini watu wa Kagera tuliuweza mchezo wa kusema ukweli kabla hata hawajausikia huko Dar es Salaam wanakojiona wameendelea.

Kufikia mwaka ule timu zilikuwa nne: Bukoba Mjini, ambao walikuwa makarani na walivaa viatu, wavuvi wa visiwani, Kashozi, na Kimwani, timu ya Alistidia. Nahodha wa Kimwani alikuwa Shilogile, Msukuma mfanyabiashara wa sangara, mtu mnene mwenye sauti kubwa, ambaye hakukimbia kamwe lakini alirusha kisahani kikaenda kama kimetumwa. Na msishangae kwamba mjane, muuza samaki na mwalimu mstaafu walikuwa timu moja. Vijana ambao wangecheza walikuwa wamelala migombani nyuma ya nyumba za baba zao. Timu zote zilikuwa hivyo, zimeundwa na waliobaki.

Mwezi wa saba ikaja habari kwamba timu zote nne zitakutana Kashozi, Jumamosi na Jumapili, kushindania beberu mmoja. Wiki hiyo hiyo Alistidia akaletewa barua. Ilitoka kwa shemeji yake Rugambwa, mdogo wa Buberwa, aliyekuwa na duka mjini Bukoba. Iliandikwa vizuri sana, kwa kalamu ya wino, na ilisema hivi: Jumatatu asubuhi ukoo utakaa nyumbani kwa Baba, Kashozi, kuzungumzia kibanja cha marehemu. Shemeji ufike.

Kibanja hicho, shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati, alikuwa amekinunua Buberwa mwenyewe. Lakini machipukizi ya kwanza ya migomba aliyatoa kwa baba yake Kashozi, akayasafirisha kwenye lori mpaka Kimwani, na kwa sababu hiyo ukoo uliona kila mgomba pale ni mtoto wao. Rugambwa alikuwa na mnunuzi tayari. Alistidia arudi kwao, watoto wagawanywe kwa ndugu wa ukoo.

Na Alistidia alikuwa na neno moja tu la kumsaidia. Wiki ya mwisho, Buberwa alimwita baba yake, Mzee Ishengoma, akamshika mkono na kusema, "Tata, Alistidia asiondolewe kibanjani. Ni chake na watoto." Chumbani walikuwa watatu. Mmoja alikufa siku ya nne yake. Wa pili alikuwa mkwe, na mkwe hasemi kwenye kikao cha ukoo mpaka aulizwe. Wa tatu alikuwa Mzee Ishengoma, na tangu siku ile hakuwahi kulitaja neno lile mahali popote.

"Basi twende zote pamoja," alisema Shilogile aliposikia. "Jumamosi na Jumapili unachuma mbuzi, Jumatatu unachuma kibanja. Safari moja."

"Baba mkwe anachezea Kashozi," Alistidia akasema.

Shilogile akamkodolea macho. "Yule mzee? Ana miaka mingapi?"

"Hamsini na saba."

"Aliyebeba masanduku ya risasi vita vya Amini mpaka ng'ambo?"

"Huyo huyo."

"Haya. Mwombe Mungu magoti yake yawe yamechoka."

Hayakuwa yamechoka. Jumamosi, lori la samaki la Shilogile lilipowashusha uwanjani wakinuka sangara mpaka nyusi, Alistidia alimwona baba mkwe wake upande wa pili, mrefu, mweusi, amevaa kaptula ya mgambo iliyopauka, anarukaruka kama jogoo. Alistidia mwenyewe alikuwa amevaa kaptula ya Buberwa, ameikunja kiunoni mara mbili. Palepale alichukua kanga akajifunga juu yake. Hakuona raha. Akaifungua. Mzee akageuka upande huu, akajifunga tena.

"Mama, utacheza au utavaa?" akauliza Shilogile.

Mechi ya kwanza ilikuwa dhidi ya wavuvi, Kimwani wakashinda. Ya pili ikawa dhidi ya Kashozi.

Nyie mliozaliwa juzi lazima niwaeleze, maana siku hizi mkwe na mkwe wanapiga picha pamoja. Mwanamke aliyeolewa hakumsogelea baba mkwe. Hakupishana naye mlangoni. Akimsalimia alipiga magoti, akimpa kitu alikitoa kwa mikono miwili, macho chini. Alistidia alikuwa amefanya hivyo miaka tisa, kikombe kwa kikombe, mpaka magoti yake yalijua njia bila kumuuliza. Kwenye kisahani, mtu anayemkaba mwenzake anasimama mbele yake hatua moja, mikono imetanuliwa, anamkodolea macho. Mnaona matatizo yalipo.

Kila Mzee Ishengoma alipokimbilia upande wa Alistidia, Alistidia alimpisha. Si kidogo: alimpisha kama anavyopishwa askofu. Mzee alidaka bao la kwanza peke yake, la pili peke yake, la tatu akiwa na nafasi ya kujikuna kwanza.

"Mkabe!" Shilogile alifoka. "Huyo ni mchezaji tu leo!"

"Ni baba mkwe!"

"Jumatatu ndiyo baba mkwe!"

Kisha likatokea lile ambalo Kashozi wanalisimulia mpaka leo, wakiongeza chumvi, kwa hiyo afadhali mlisikie kwangu. Alistidia alikuwa na kisahani mkononi, anatafuta wa kumrushia. Mzee Ishengoma akaja kumzuia. Akasimama mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili, kama mchezo unavyotaka. Alistidia akainua macho, akaona mzee wa nyumba amenyoosha mikono. Kichwa chake hakikuhusika. Alipiga magoti kwenye majani, akainamisha uso, akamkabidhi kisahani kwa mikono miwili.

Mzee naye akakipokea. Alisema hata "Asante, mwanangu," kwa mazoea. Ndipo wote wawili wakagutuka.

Uwanja mzima ulilala chini kwa kicheko. Karani mmoja wa Bukoba Mjini alicheka mpaka akavua miwani. Mechi iliisha Kashozi tisa, Kimwani tatu. Bahati yao Kimwani waliwashinda wale makarani jioni, kwa sababu viatu vyao viliteleza, hivyo fainali ya Jumapili ikawa tena Kimwani na Kashozi.

Usiku Alistidia hakulala shuleni na wenzake. Mkwe wa Kashozi hawezi kulala darasani na mji wa mumewe uko pale. Mama mkwe, Bernadina, alimpa kitanda na ndizi zilizopikwa na maharage, na hakumuuliza kama anakula. Alimsikiliza tu akijigeuza, akigonga ukuta, akiamka kunywa maji, akiamka kuangalia kama mlango umefungwa.

Asubuhi, wakimenya ndizi, Bernadina akasema bila kumtazama, "Yule Rugambwa amebaki peke yake. Nimezaa wanne."

"Najua, mama."

"Mzee anamwogopa. Hatakwambia. Anaogopa kumkasirisha, asije akaacha kuja." Akatupa ganda. "Jana ulipopiga magoti pale uwanjani, walicheka wote. Yeye hakucheka. Alirudi nyumbani akakaa kule nyuma kwenye makaburi mpaka chakula kikapoa."

Alistidia aliweka kisu chini. Alichukua ufagio.

Fainali ilianza baada ya misa, na watu walikuwa wengi kwa sababu kanisani walikuwapo tayari, na kwa sababu kila mmoja alitaka kuona kama yule mama atapiga magoti tena. Rugambwa alikuja na pikipiki, amevaa suti, akasimama pembeni na wazee wawili wa ukoo. Alistidia aliwaona watatu wakimnyooshea vidole ile kaptula iliyochungulia chini ya kanga. Akili ikamwambia: cheza kwa heshima, mpishe mzee, kesho una kikao. Miguu ikamwambia kukimbia. Akaisikiliza miguu nusu na akili nusu, akawa anakimbia sana asikohitajika, akirudi, akikimbia tena, kama kuku aliyesahau alichokuwa anakimbia.

Hata hivyo Shilogile alirusha siku hiyo kama mtu aliyeoteshwa. Ikafika nane kwa nane. Limebaki bao moja.

Kashozi walikuwa na kisahani. Datius, katekista, aliyekuwa mrushaji wao mkubwa, akakituma kirefu kwenye kona ya eneo la mwisho, pale ambapo mstari ulikuwa umechorwa kwa majivu. Mzee Ishengoma akakikimbilia. Alistidia akamfuata, hatua tatu nyuma, hatua za heshima. Mzee akaruka, akadaka, akatua. Kelele zikapasuka. Wanawake wa Kashozi wakapiga vigelegele, na mtu mmoja akaanza kumfungua beberu.

Mguu wa kushoto wa mzee ulikuwa nje ya majivu. Si kidole, ni unyayo mzima. Kona ile ilikuwa mbali, na mahali pale walikuwapo watu wawili tu.

Alistidia akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa. Mzee akamtazama naye. Alistidia akamsubiri aseme. Aliyekosa anasema mwenyewe, ndiyo sheria. Mzee akafunga mdomo, akainua kisahani juu, na kelele zikazidi.

Alistidia alijua mdomo ule uliofungwa. Miezi saba ulikuwa umefungwa hivyo hivyo juu ya neno la Buberwa.

"Baba," akasema. Hakuna aliyesikia. Akapaza sauti. "Baba! Umekanyaga nje!"

Uwanja ulinyamaza kidogo kidogo, kuanzia karibu mpaka mbali.

"Amesemaje?"

"Amemwambia baba mkwe amekanyaga nje."

"Yesu Maria."

Mzee Ishengoma alishusha kisahani. "Sikukanyaga," alisema.

"Umekanyaga, Baba. Mguu wa kushoto."

"Mukamwana," akasema mzee, kwa neno la mke wa mwana, neno ambalo hulisema mtu anapotaka kukumbusha mipaka. "Nasema sikukanyaga."

"Nami nasema umekanyaga."

Rugambwa alikuwa anacheka na wazee wake. Shilogile alifika akihema, akawatazama wote wawili, akasema kile ambacho Mzungu wa visima alikuwa amewafundisha: "Wamebishana. Kirudi kwa Datius."

Kikarudi. Na safari hii Alistidia hakukaa hatua tatu nyuma. Alisimama mbele ya mzee, wima, mikono imetanuliwa kama mtu anayefukuza ndege kwenye mtama, kanga imedondoka huko. Akamkodolea macho. Mzee akaenda kushoto, akamkuta. Akaenda kulia, akamkuta. Datius akarusha, mzee akaruka, Alistidia akaruka juu yake, akakipiga kisahani kwa kiganja kikaenda chini, na wao wawili wakafuata, yeye juu, goti lake kwenye tumbo la baba mkwe.

Wanawake waliokuwa mteremkoni walijiziba midomo wote kwa pamoja. Baada ya hapo hapakuwa na heshima iliyobaki ya kulinda.

Mngetaka niseme Kimwani walichukua kisahani wakafunga bao. Hawakufunga. Mwalimu mstaafu alikiangusha hatua mbili mbele, Datius akakiokota, akamrushia binti mmoja mwembamba ambaye hakuna aliyekuwa amemwona mchana kutwa, na Kashozi wakamchukua beberu wao. Shilogile aliketi chini akasema maneno ya Kisukuma ambayo hayajatafsiriwa.

Jumatatu asubuhi ukoo ulikaa sebuleni kwa Mzee Ishengoma. Wanaume kumi na mmoja kwenye viti, wanawake chini kwenye majani yaliyotandazwa, Alistidia karibu na mlango, nusu ndani, nusu nje. Nje Shilogile alikuwa amelisimamisha lori, injini inanguruma, kwa sababu ikizimwa haiwaki. Rugambwa alizungumza vizuri. Alitaja damu, alitaja mila, alitaja wajane wasio na adabu wanaopigana na wakwe hadharani. Aliposema hilo, wazee walitingisha vichwa.

Mzee Ishengoma alikuwa anatafuna kahawa. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, maana aliangukia kifundo. Alimaliza punje iliyokuwa mdomoni, kisha akasema:

"Tangu baba yangu afe, hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuniambia nimekosa. Watoto wangu wanne, hakuna. Ninyi ndugu zangu, hakuna. Jana nimeambiwa mbele ya kanisa zima." Akageukia mlangoni. "Aliyeniambia aseme tena. Ana neno gani?"

"Baba, huyu ni mwanamke wa—" Rugambwa alianza.

"Nimemuuliza. Si mila uliyoitaja inasema mkwe hasemi mpaka aulizwe?"

Alistidia alipiga magoti, kwa kuwa hapa palikuwa mahali pake. Lakini macho hakuyashusha. Akasimulia: chumba, wiki ya mwisho, mkono wa Buberwa ndani ya mkono wa baba yake, na maneno yenyewe, bila kuongeza moja.

"Nani alisikia?" akauliza Rugambwa.

"Marehemu alisema. Mimi nilisikia. Na Baba."

Wote walimgeukia mzee. Mzee alikuwa na punje ya kahawa kati ya vidole, hajui aitie mdomoni au airudishe. Alistidia alitaka kuinuka, atoke, afagie uwanja wote wa nyumba ile. Alijikaza palepale.

"Baba," akasema polepole, "hapa pia hakuna mwamuzi."

Mzee alimtazama Rugambwa kwanza. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayeangalia mzigo wa mwisho kwenye gari linaloondoka.

"Nilisikia," akasema. "Alisema hivyo, mwanangu. Nilinyamaza kwa sababu umebaki wewe tu, na nilitaka ubaki upande wangu. Kibanja ni cha huyu na wajukuu. Ukikasirika, kasirika, lakini Jumapili uje ule hapa kama kawaida." Akatia punje mdomoni, akatafuna, akaongeza bila kuulizwa na mtu, "Na mguu ulikuwa nje."

 Kutoka kule chini, Bernadina akacheka, kicheko kidogo cha puani ambacho alikuwa hajakitoa tangu mazishi. "Basi watu wa Kimwani wapewe mbuzi wao."

"Mbuzi tumemla jana," akasema mzee.

Rugambwa alitoka bila kuaga. Pikipiki yake ilisikika ikishuka kilima kwa hasira. Jumapili ile hakuja kula, wala iliyofuata. Alikuja mwezi wa tisa, akiwa na sukari kilo mbili, na hakuna aliyelizungumzia.

Bernadina alifunga mbavu mbili zilizobaki za yule beberu kwenye jani la mgomba, akampa Alistidia. Lori likaondoka. Shilogile, akiendesha, alisikia habari yote mara tatu na kila mara alipiga usukani.

"Sasa kaa vizuri, mama," akasema. "Umekalia ukingo wa kiti tangu Bukoba."

Alistidia akasogea, akaegemea, akakaa kweli, mbavu za mbuzi mapajani. Alikaa hivyo mpaka Muleba. Hapo akaona kwenye vibanja vya barabarani kahawa imekolea wekundu, akakumbuka yake, iliyoiva wiki nzima bila mchumaji, na akaanza tena kumuuliza Shilogile kwa nini gari hili haliendi.